Jibu: Kuhamia Shangani, Mtwara, na watoto

Mkuu, umeuliza kama familia iliyozoea Capri Point ya Mwanza itaiweza Shangani. Itaiweza, tena vizuri. Ni mtaa wa siku nyingi, umetulia, Hospitali ya Ligula iko jirani. Sokoni utapanda bajaji, basi.

Ila bahari si ziwa. Maji yakikupwa yanakwenda mbali, panabaki mawe na kina mama wanaochokoa pweza. Watoto wasubiri yajae ndiyo waogelee. Wanunulie kandambili za kufunga, mawe yale yanachana nyayo.

Kabla hujalipa kodi, kwaruza nondo za madirisha kwa ufunguo. Chumvi inakula chuma huku, na baadhi ya wenye nyumba (wajanja hao!) wanapaka rangi juu ya kutu. Mabati pia yaangalie.