Jibu: Tela la kulalia la kuvutwa na baiskeli

Ndugu, umeuliza kama kuta za plaiwudi zinafaa kwa tela la kulalia linalokunjwa, na magurudumu yakae wapi. Nakushauri uachane kabisa na kuta ngumu. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, tela la kilo 40 humvuta mwendeshaji nyuma kwa nguvu ya takriban nyutoni 39, ambayo miguu yake lazima iishinde mfululizo hadi kileleni, na kwenye mteremko nguvu hiyohiyo huisukuma baiskeli na kuzielemea breki. Fremu ya mabomba ya alumini yenye turubai jepesi itapunguza mzigo huo, na ikikunjwa, upepo wa ubavuni hautapata ukuta mrefu wa kusukuma.

Sakafu ya mita 2 ikatwe katikati na kuungwa kwa bawaba imara, kisha iwekewe miguu ya kukunja kwenye pembe na chini ya bawaba, mahali ambapo uzito wa mtu aliyelala huikunja sakafu zaidi.

Magurudumu yakae nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, kwa kuwa mzigo ukiegemea nyuma huinua mkono wa tela (bomba linaloliunganisha na baiskeli) na kulifanya tela liyumbe. Mkono huo ufungwe karibu na ekseli ya nyuma ya baiskeli, si kwenye nguzo ya kiti, ambako mvuto wa juu huweza kuiyumbisha baiskeli kwenye kona. Tafadhali acha pia matundu ya hewa pande mbili, maana unyevu wa pumzi hulowesha turubai usiku kucha.