Faida Imo Vitabuni, Fedha Haimo Benki

Barua za safari hii ni nne. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, wenye barua nyingine mnisamehe. Iliambatana na kurasa tatu za hesabu, na mkaguzi wa zamani akiona namba hawezi kuzipita hivihivi.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina hisa chache katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Mwaka jana faida ilipanda kutoka milioni 120 hadi milioni 180, na meneja mkuu akapigiwa makofi mkutanoni. Papo hapo tukaambiwa gawio hakuna, mwaka wa pili huu, na kwamba kampuni imekopa benki milioni 200. Mwenyekiti anasema ni dalili ya kukua. Je, tunaibiwa? – Mwanahisa mwenye mashaka

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno la kuibiwa liweke kando kwanza, maana katika kurasa ulizoniletea sijaliona. Nilichokiona ni kampuni iliyouza sana kwa mkopo na sasa imekaa inawangoja wateja.

Katika vitabu, mauzo huandikwa siku mteja anapokabidhiwa mzigo, si siku anapolipa. Umepeleka saruji leo, utalipwa baada ya miezi mitano, lakini faida umekwisha kuiandika leo. Hiyo si hila, ndiyo kanuni, na ina akili yake: tungengoja fedha iingie, mwaka uliofanya kazi ungeonekana wa hasara, na mwaka uliokaa tu kupokea hundi ungeonekana wa neema. Ila kanuni hiyo huacha mwanya kati ya faida na fedha, na gawio lako limetumbukia humo.

Chukua kalamu. Namba zote ni za kurasa zako, kwa mamilioni. Anza na faida, 180. Ongeza uchakavu wa mitambo, 40, kwa kuwa ulipunguza faida bila hata senti moja kutoka mfukoni. Tumefika 220. Sasa nenda kwenye mizania, ule ukurasa wa mali na madeni ya kampuni, uangalie wadaiwa: walikuwa 150, wamekuwa 430. Hizo 280 zilizoongezeka ni mauzo ambayo hayajalipwa, zitoe. Bidhaa zilizoko ghalani zilikuwa 110, sasa ni 190, nazo 80 zimelala huko, zitoe. Kampuni yenyewe inadaiwa na walioiuzia mali 100 badala ya 90, yaani imecheleweshea watu malipo ya 10, ziongeze. Jumla ni hasi 130.

Kwa hiyo kampuni iliyotangaza faida ya 180 ilipoteza fedha taslimu 130 katika shughuli zake za kila siku. Ule mkopo wa 200 uliziba pengo hilo, na 70 zilizobaki zikanunua mtambo mpya ulioandikwa ukurasa wa tatu. Gawio lingetoka wapi?

Kuna hesabu nyingine fupi zaidi. Gawanya wadaiwa kwa mauzo ya mwaka, kisha zidisha kwa 365. Mwaka juzi mauzo yalikuwa 900, jibu ni siku 61. Mwaka jana mauzo yalikuwa 1,260, jibu ni siku 125. Mteja aliyekuwa akilipa baada ya miezi miwili sasa analipa baada ya minne na ushee. Mauzo yamepanda kwa asilimia 40, wadaiwa wamekaribia kuwa mara tatu. Vitu viwili vinavyopaswa kutembea pamoja vikiachana hivyo, kuna sababu. Pengine kampuni imelegeza masharti ya mkopo ili iuze zaidi. Pengine wateja wameishiwa. Sababu ya tatu niliwahi kuiona kwa macho yangu.

Nilikuwa bado kijana kazini, tukikagua kampuni ambayo sitaitaja. Mauzo ya wiki ya mwisho ya Desemba yalikuwa makubwa kuliko ya mwezi mzima wa Novemba. Ankara zilikuwapo, hati za kupokelea mzigo zilikuwapo, na sahihi za wateja zilikuwapo. Mkubwa wangu hakusema neno. Alinituma getini nikaombe daftari la mlinzi, lile la kuandika magari yanayoingia na kutoka. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada lililochanika, limefungwa kamba na kalamu ya risasi ikining'inia. Humo, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, malori kumi na moja yaliyosemekana kutoka na mzigo tarehe 30 na 31 Desemba yalikuwa yameandikwa kutoka kuanzia tarehe 4 Januari. Mlinzi hakuwa mhasibu, wala hakuna aliyekumbuka kumwambia adanganye. Mauzo yale yalirudishwa mwaka yanakostahili, na faida ikapungua kwa zaidi ya robo.

Sisemi kampuni yako imefanya hayo. Nasema mkutano ujao usiulize "mbona hamna gawio", maana utajibiwa kwa hotuba. Omba orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni: walio chini ya siku 30, walio kati ya 30 na 60, 60 na 90, na waliopita hapo. Uliza wametenga kiasi gani kwa madeni wanayohofia hayatalipwa. Kisha uliza swali ambalo mhasibu mwema hulijibu bila kupepesa: katika zile 430, ni ngapi zimekwisha kukusanywa tangu mwaka ulipofungwa? Kama nyingi zimeingia, mwenyekiti wako alikuwa akisema kweli na kampuni inakua. Kama hazijaingia, faida ya mwaka jana itaanza kufutwa mwaka huu.

Na usidhani gawio lingekuwa uthibitisho wa afya. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi na huduma ya Uingereza, iliongeza gawio karibu kila mwaka huku ikihesabu faida ya mikataba ambayo fedha zake zilikuwa bado njiani. Julai 2017 ikakiri kwamba thamani ya mikataba hiyo ilipaswa kupunguzwa kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ilikuwa mikononi mwa wafilisi, ikiwa na takribani pauni milioni 29 benki, na madeni yakikaribia bilioni 7.

Hapo nimesifu sana taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani hesabu ya fedha taslimu kama ile tuliyoifanya juu, basi niipunguzie sifa kidogo. Mwaka 2002 WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilikutwa imeandika gharama za kawaida za kukodi njia za simu kana kwamba ni mali ya kudumu iliyonunuliwa. Kiasi kilichotangazwa mwanzoni kilikuwa dola bilioni 3.8. Gharama ikishageuzwa mali, faida inapanda, na hata fedha za shughuli za kila siku zinapendeza, kwa kuwa matumizi yale yamehamia fungu la uwekezaji. Walioligundua walikuwa wakaguzi wa ndani wa kampuni yenyewe, wakifukua vocha moja baada ya nyingine, mara nyingine usiku. Ukiona kampuni inanunua "mitambo" kila mwaka lakini uwezo wake wa kuzalisha hauongezeki, uliza mitambo hiyo imefungwa wapi.

SWALI: Ndugu mkaguzi, mimi ni mjumbe mpya wa bodi ya taasisi isiyo ya kibiashara inayofundisha vijana ufundi. Mkurugenzi ameripoti kwamba tuna akiba ya milioni 300 benki na kwamba bajeti imetumika kwa asilimia 98, hivyo utendaji ni mzuri. Wenzangu wameridhika. Mimi sijui niseme nini. – Mjumbe mgeni

JIBU: Hongera kwa kutoridhika haraka. Katika hizo 300, ni ngapi zenu? Taasisi zinazopokea misaada huwa na fedha za aina mbili ndani ya akaunti moja. Kuna fedha zenye masharti, ambazo mfadhili ametoa kwa mradi fulani tu, na kuna fedha huru. Tuseme mhasibu wenu akichambua anakuta 260 ni za miradi. Zilizobaki ni 40. Kama mishahara, umeme na mengineyo ya kuendesha ofisi yanakula 25 kwa mwezi, basi mfadhili mkuu akichelewa mnao mwezi mmoja na nusu tu wa kupumua. Ukiwaambia wenzako hivyo, kikao kitachangamka.

Nimeona taasisi ikilipa mishahara kwa fedha za mradi wa visima, "kwa kuazima", ikitumaini msaada mwingine ungeingia. Haukuingia. Visima havikuchimbwa, na mfadhili akadai chake.

Hiyo asilimia 98 inakuambia wametumia fedha, basi. Mtu anaweza kutumia bajeti yote bila mwanafunzi hata mmoja kumaliza kozi. Gawanya gharama zote za mwaka kwa idadi ya vijana waliohitimu, si walioandikishwa, kisha fanya hivyo kwa miaka mitatu iliyopita. Gharama kwa kila mhitimu ikipanda, pengine mmenunua zana bora, pengine darasa limebaki nusu tupu. Mkurugenzi ndiye wa kueleza. Na ziada ya mwisho wa mwaka isiwatishe wala isiwafurahishe kupita kiasi: kwenu ziada si faida, mara nyingi ni kazi iliyolipiwa ambayo haijafanywa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika tasnifu kuhusu kampuni za usafiri wa anga, nikilinganisha madeni yao kwa miaka kumi. Katika 2019 madeni ya karibu kila kampuni yameruka ghafla, na sioni mikopo mipya. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi aliyechoka

JIBU: Marahaba. Hujakosea, kipimo ndicho kilichobadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2019 kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 16, kinachoitwa IFRS 16, kinaitaka kampuni inayokodi ndege, jengo au gari kwa muda mrefu iandike kwenye mizania deni la kodi itakayolipa, likihesabiwa kwa thamani yake ya leo, na upande wa pili iandike haki ya kukitumia kitu hicho kama mali. Kabla ya hapo kodi nyingi zilipita kimyakimya kama matumizi ya kawaida, na deni lenyewe likabaki kwenye maelezo ya nyuma ambayo watu hawayasomi. David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya viwango hivyo, alikuwa na mzaha wake: kwamba kabla hajafa angependa kupanda ndege ambayo kweli imo katika mizania ya shirika linaloirusha.

Angalia pia safu ya faida kabla ya riba, kodi ya serikali na uchakavu. Nayo itakuwa imepanda mwaka huohuo, kwa sababu kodi ya ndege imegeuka uchakavu na riba, vitu ambavyo safu hiyo haivihesabu. Hakuna ndege iliyojaza abiria zaidi. Katika tasnifu yako tenganisha deni la ukodishaji na mikopo ya benki, uweke mstari mwaka 2019, na usichore mchoro mmoja unaopita juu ya mstari huo kana kwamba hakuna kitu. Msimamizi wako akihoji, mwonyeshe aya ya sera za uhasibu katika taarifa za mwaka huo.

SWALI: Kampuni yenye hati safi ya mkaguzi ni salama kuikopesha? – Kwa ufupi tafadhali

JIBU: Kwa ufupi, hati safi inasema taarifa zimeonyesha hali ya kampuni ipasavyo, hata kama hali yenyewe ni mbaya. Kampuni inayokufa inaweza kupewa hati safi kwa kueleza vizuri jinsi inavyokufa. Tafuta aya inayozungumzia uwezo wa kuendelea na shughuli. Ikiwa mkaguzi ametaja mashaka makubwa hapo, usisaini chochote kabla hujaisoma mara mbili.

Na wakaguzi nao hukosea. Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki ya Ujerumani, ilipata hati safi miaka kadhaa, mpaka Juni 2020 ilipokiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizosemekana kuwa benki huenda hazikuwahi kuwapo.

Mimi taarifa ya mwaka huianzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kwa kuwa kurasa za mbele zina picha. Humo natafuta mambo mawili: kesi ambazo kampuni inaweza kushindwa, na biashara inayofanywa na wakubwa wake au jamaa zao. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilifilisika Desemba 2001. Ripoti yake ya mwaka 2000, ambayo kila mwenye hisa angeweza kuisoma, ilikuwa imekwisha kueleza katika maelezo namba 16 kwamba kampuni inafanya biashara na ubia unaosimamiwa na mmoja wa maofisa wake waandamizi.