Kizuri hakijiuzi: nilivyojifunza kutangaza programu yangu kwa wajasiriamali wenzangu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hao hawakuwahi kuweka programu Play Store. Yangu ilikaa huko miezi minne ikiwa imepakuliwa na watu 11, na wanne kati yao ni wa ukoo wangu.

Ni programu ya hesabu za vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa: hisa za kila wiki, mfuko wa jamii, mikopo na marejesho, faini za wachelewaji, na ule mgawo wa mwisho wa mwaka unaowakesha makatibu na kikokotoo mkononi. Niliitengeneza hapa Mwanza, usiku baada ya kazi, kwa hela ya mfukoni. Mwekezaji sina. Hela ya matangazo sina. Nilichokuwa nacho ni bando na makundi ya WhatsApp na Telegram ya watu wanaojenga biashara zao za teknolojia kama mimi.

Nilianza vibaya. Niliandika tangazo la "Habari wanakundi! Umechoka na daftari?", nikalipamba kwa vikatuni vya roketi, nikalibandika kwenye makundi sita ndani ya dakika tano. Kundi moja admini alinitoa kabla sijaweka simu chini. Kwenye matano yaliyobaki, nikifungua orodha ya waliosoma naona majina yamejaa, ila jibu hakuna hata moja. Nilinuna wiki nzima. Kumbe nilikuwa nimeingia barazani kwa watu bila hodi wala salamu, nikatandaza bidhaa.

Mambo yalibadilika siku kijana mmoja alipouliza namna ya kuifanya programu isome ujumbe wa miamala ya simu. Hilo lilikuwa limenitesa. Google walitangaza mwaka 2018 kwamba wanabana ruhusa ya kusoma SMS, na mimi niliyechelewa kusoma masharti nilikataliwa mara mbili. Nikamweleza kwa kirefu nilivyokwepa: katibu ananakili ujumbe mwenyewe, anaubandika, programu inachukua kiasi, jina na namba ya muamala. Sikuweka linki. Mwishoni nilisema tu kwamba haya yamenikuta nikitengeneza programu yangu ya vikoba.

Watu watatu wakanifuata inboksi. Mmoja wao mama yake ni mhazini wa kikoba Sengerema, na kikoba hicho ndicho kilichonilipa kwanza. Hapo nikaelewa kitu ambacho nakisisitiza kwa kila anayeniuliza: wajasiriamali wenzako si wateja wako. Wengi wao hawana haja na unachouza. Ila kila mmoja ana mama, shangazi au jirani, na hatamtuma kwako kama hajakuona ukifikiri na kuhangaika na kazi yako.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa aibu. Desemba moja kikoba cha watu 28 kilivunja mzunguko, na mgawo ukapungua shilingi 19. Programu ilikuwa inakata desimali za kila mwanachama, na vijisenti hivyo haikuvipeleka popote. Utasema shilingi 19 ni nini? Kwenye vikoba vingi sanduku huwa na makufuli matatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Wenye utaratibu huo hawawezi kusikia "zimepotea kwenye hesabu" wakanyamaza. Walikaa hadi saa nne usiku wakihesabu upya, na katibu aliyeniamini akatazamwa kama mwizi.

Niliandika yote hayo kundini, pamoja na kosa lenyewe kwenye msimbo. Nilitegemea kuchekwa. Mtu mmoja akanionyesha namna ya kugawa kwa shilingi nzima na kuandika salio mahali linapoonekana na kila mwanachama. Wengine wawili wakaomba programu kwa ajili ya vikundi vya familia zao. Tangazo langu la roketi halikuwahi kunipa hata mmoja.

Lakini usigeuze makosa kuwa maigizo. Watu wananusa.

Na sema mapema kwamba kitu ni chako. Niliwahi kumwona mwenzetu akiuliza kwa namba moja, "jamani nani anajua programu nzuri ya stoo?", kisha akajijibu kwa namba nyingine, akiwa na kosa lilelile la tahajia. Hakutukanwa, ila tangu siku hiyo akichangia hakuna anayemjibu. Hacker News, jukwaa la watu wa teknolojia huko Marekani, wameliweka kwenye kanuni kabisa: usiwaombe rafiki zako walipigie kura chapisho lako. Ukionyesha kazi yako pale wanataka watu waweze kuijaribu, ikiwezekana bila kujisajili. Niliiga hilo nikaweka kikoba cha mfano kinachofunguka bila namba ya simu, na maswali ninayoulizwa yakawa ya maana zaidi.

Indie Hackers, jukwaa alilolianzisha Courtland Allen mwaka 2016, lilizoesha watu kuweka mapato yao hadharani. Hapo mimi nasita. Ukiandika umeingiza laki nane mwezi huu, kesho binamu anapiga simu kuhusu ada ya mtoto. Nataja idadi ya vikoba, vingapi vimeondoka na kwa nini. Fedha nabaki nazo.

Kuhusu kuhesabu siku za kutangaza, sina fomula. Mimi hutaja programu yangu kama mara moja kwa mwezi, na kundi likiwa na siku yake ya matangazo naitumia bila kutegemea mengi. Asiyeniuliza simfuati inboksi.

Ila makundi yana mwisho wake. Yalinipa vikoba tisa vya kwanza, kisha yakanyamaza, na mimi nikaendelea kushinda humo nikijiambia niko kazini. Vilivyofuata vimeletwa na makatibu wenyewe, wakielezana kanisani na sokoni. Jumamosi hii naenda Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sisubiri tena kivuko, na yule mama mhazini ameniitia vikoba vingine viwili. Ameniambia nije na daftari pia, kwa sababu mmoja wa makatibu hana simu ya kugusa.