Bamvua ya mikoko, maji mafu ya vitabu

Mara ya kwanza nilipokwenda kupanda mikoko sikuwa na uchungu wowote wa mazingira. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane nyuma, niko nyumbani Langoni, mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya, nimechoka kutumwa dukani, nikasikia ukijitolea unapewa cheti. Nalisema wazi kwa sababu vijana huniuliza, "Dada, nianzie wapi?" nami huwarudishia swali: wataka nini huko? Nataka jibu la kweli, lile la kwenye fomu nalijua.

Kuna wanaotaka cheti, kuna wanaotaka kujuana na watu, kuna wanaotafuta thawabu, na kuna waliochoka na baraza tu. Yote sawa kwangu. Ubaya ni kujificha. Mwenye kutaka cheti akijifanya hataki kitu, ataona haya kukiulizia, na baada ya miaka miwili atabaki na kinyongo. Mimi yalinikuta. Mradi mmoja, jina silitaji, uliniahidi barua. Nikaandika orodha za watu, nikapiga hesabu za mafuta ya boti, mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka, barua sijaiona hadi leo. Siku hizi nauliza siku ya kwanza: barua itasema nini, nani atatia saini, na lini. Bado sijamwona aliyechukizwa na swali hilo.

Na pesa je? Halati yangu, dada ya mamangu, ni mhudumu wa afya wa jamii. Alizunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka kwa ahsante. Mwaka 2023 serikali ilipotangaza posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti, wapo waliomcheka kwamba sasa si kujitolea tena. Aliwajibu, "Viatu navyo hununuliwa." Basi.

Kilichonifanya nibaki kwenye mikoko hakikuwa cheti. Alikuwa ami mmoja, mkata boriti za mikoko wa zamani, aliyetukuta tukichomeka miche ya mkoko mbele kabisa, ukingoni panapopigwa na mawimbi. Hakutukataza. Alikaa mtumbwini akatutazama hadi tukamaliza kupiga picha, kisha akauliza, "Hapo ni pa mlilana, nanyi mwapanda mkoko?" Mikoko ina aina zake, na mlilana na mkoko ni mbili kati yake. Kusi ilipoingia, karibu miche yote iling'oka.

Safari iliyofuata tulimwomba atufunze. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado mtini, ndefu, ya kijani, inaning'inia. Ukiivuta kidogo ikaachia, imeiva, ikishikilia, iache. Unaichomeka matopeni kiasi cha thuluthi, ncha chini, unaishindilia kwa vidole. Mkandaa, aina nyingine, una pahala pake nyuma ya mkoko. Alituambia pia kwa nini vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba: dari hulaliwa na boriti, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nimelala chini ya dari hiyo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza.

Nikanogewa, na hapo ndipo nilipoharibu mambo yangu.

Kazi hii haifuati saa ya ofisini. Matope huwa wazi zaidi wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka mno, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Leo mwaingia saa nne asubuhi, kesho karibu saa tano. Nilikuwa nasomea CPA, mitihani ya uhasibu, na nikawa naitikia kila simu ya kikundi. Nikaanguka karatasi mbili. Mamangu hakunigomba. Aliniwekea chakula, akauliza tu, "Na mikoko, imefaulu?" Bora angenigomba.

Nilichukua daftari nikaandika mwezi mzima wa maji. Kila mwezi kuna bamvua mbili, na katikati yake maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana na kikundi hakina haja nami. Siku hizo nikazifanya za vitabu, simu nampa mamangu. Za bamvua natoa mbili tu, nazichagua mapema. Mwezi wa mtihani siendi kabisa. Mwenyekiti alinuna kama wiki hivi, akazoea. Kinachoudhi watu ni kukataa boti ikiwa gatini na wenzako wamo ndani. Ukisema wiki mbili kabla, watapanga mtu mwingine.

Jambo jingine nililochelewa kulifanya: niliomba nishike hesabu za kikundi. Mafuta, glavu, maji ya kunywa, michango. Kupanda najua, lakini ipo mikono kumi inayopanda, na risiti zilikuwa zinakaa kwenye mfuko wa mkate. Lile daftari ndilo nililolibeba nilipokwenda kuomba kazi kwenye duka la jumla ninapofanya sasa. Mwenye duka alilifungua, akafuatisha safu moja kwa kidole hadi chini, akaniuliza naweza kuanza lini.

Zimenibakia karatasi mbili. Jumatatu mwezi unaandama, na nimeshawaambia siendi. Ami amenitumia salamu: kwenye mstari wangu wa mwisho kaa wamekula miche minne, nikimaliza mtihani nikapande mingine.