Betri ya pili kwenye HiAce ya kulala: usikubali iunganishwe moja kwa moja

Mkuu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi anaposema ni kuvuta waya tu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, betri ya pili ikae nyuma iendeshe friji na taa usiku. Mimi nilifungiwa hivyohivyo nilipogeuza HiAce yangu kuwa gari la kulala, na nakuomba usikubali.

Betri mbili zikishaungwa namna hiyo zinakuwa betri moja. Friji ikinywa usiku, inanywa na ya kuwashia gari. Sisi tulilijua hilo kambini Seronera, ndani ya Serengeti, saa kumi na mbili asubuhi, mke na watoto wako ndani: napiga selfu nasikia tik-tik-tik, basi. Fisi walikuwa wamezunguka gari usiku kucha. Tulikaa mpaka saa tatu ndipo dereva mmoja wa watalii akatubusti. Nilipopima, betri zote mbili zilikuwa chini ya volti 11.5. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, na ikifika 12.2 umeshatumia nusu. Ukiishusha zaidi ya hapo kila safari, unaiua mapema, hasa ile ya kuwashia gari, maana sahani zake ni nyembamba. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena.

Kwa hiyo lazima kuwe na kitu katikati kinachozitenganisha injini ikizimwa. Njia rahisi ni rilei inayosoma volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Injini ikiwaka na volti zikapanda mpaka kama 13.3 inaunganisha, zikishuka 12.8 inakata yenyewe. Kwa HiAce ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L au 5L, ambayo altaneta yake (mashine ya injini inayochaji betri) inatoa volti 14 na ushee muda wote, rilei na betri ya risasi zinakwenda vizuri kabisa. Magari mapya ni habari nyingine. Kompyuta inashusha volti za altaneta ili kuokoa mafuta, rilei inakata njiani, unafika kambini betri ya nyuma haijajaa. Huko unahitaji chaja ya DC-DC, ambayo inachukua volti zozote za mbele na kuzipandisha zifae betri ya nyuma.

Ukiwa na mpango wa betri ya lithiamu, chaja hiyo usiikwepe hata kwa gari la zamani. Lithiamu ikiwa tupu inavuta umeme bila breki, na altaneta italazimika kutoa kila ilicho nacho. Kwenye foleni, injini ikiwa sailensa (inawaka bila gari kwenda), feni ya altaneta inazunguka polepole na haiipozi. Hapo ndipo inapoungua. Chaja ya ampea 30 inaweka kikomo.

Sasa waya, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Miezi kadhaa baada ya Seronera nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoinua zulia nilikuta waya wa chanya umepitishwa kwenye tundu la bati tupu, bila mpira wa kuzuia. Bati lilikuwa limeusugua kila gari inaporuka kwenye makorongo, mpaka shaba ikaonekana inang'aa upana wa ukucha, na pembeni ganda limeyeyuka na kuganda kwenye sakafu. Hapakuwa na fyuzi hata moja. Watoto walikuwa wanalala juu ya godoro, sentimita chache kutoka pale.

Fyuzi ziwe mbili: moja karibu kabisa na betri ya mbele, nyingine karibu na betri ya nyuma. Mafundi wengi wanaweka moja tu, ya mbele, wakisahau kwamba betri ya nyuma nayo ni chanzo. Waya ukigusa bodi katikati, umeme utatoka pande zote mbili. Mimi nimeweka za ampea 60 kwa waya wa milimita 16 za mraba. Unene huo si anasa. Kwangu ni mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukipitisha ampea 30 kwenye waya wa milimita 6 za mraba unapoteza karibu volti 0.9 njiani, na betri ya nyuma inapata 13.3 badala ya 14.2, haitajaa hata uendeshe kutwa. Kwa milimita 16 unapoteza kama 0.3. Kila tundu la bati liwe na mpira wake, na vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, visipigwe nyundo.

Ukubwa wa betri, pigia hesabu friji. Yangu ya lita 40 inakula kama ampea 4 ikizunguka. Ukingoni mwa Ngorongoro usiku inalala muda mrefu. Ziwa Natron mchana inazunguka nusu ya muda au zaidi, yaani kama Ah 48 (ampea-saa: ampea mara saa) kwa siku. Betri ya risasi ya Ah 100 uihesabu 50. Ni siku moja tu. Ukikaa bila kutembea, ongeza paneli ya sola. Ya wati 100 hunirudishia kama Ah 30 siku ya jua zuri.

Betri ya maji usiiweke mnapolala. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Weka iliyozibwa, na ifungwe kwa mkanda wa chuma isihame.

Kabla hujanunua chochote, washa gari upime volti kwenye vichwa vya betri ya mbele, kisha upime tena baada ya kuendesha nusu saa. Niandikie namba zote mbili na aina ya injini, nikuambie kama rilei itakutosha.