Trela Huanza Kuyumba Wakati wa Kupakia

Karibu kila anayeanza kuvuta trela kwa pikapu huuliza kwanza gari lake linavuta tani ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, na jibu liko kwenye kitabu cha gari na kwenye kibati cha uzito. Lakini kuvuta ndiyo sehemu rahisi. Injini yenye nguvu itauondoa hata mzigo usiostahili kuwa pale. Kazi ni kuusimamisha, na kuuzuia usikupeleke unakotaka wenyewe.

Kwa hiyo anza na upakiaji, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi huharibika kabla gari halijawashwa. Shingo ya trela, yaani chuma cha mbele kinachoiunganisha na gari, inapokaa kwenye mpira wa chuma nyuma ya pikapu, kwa kawaida inatakiwa kukandamiza kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Trela ikiwa na kilo 2,000, hizo ni kilo 200 hadi 300. Uzito ukilemea nyuma, shingo inakuwa nyepesi, na mwendo ukipanda trela inaanza kuchapa kushoto na kulia. Ukilundika mno mbele, nyuma ya pikapu inazama, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, na usiku taa zako zinawamulika machoni wanaokuja. Weka vitu vizito chini, karibu na ekseli, na sehemu kubwa ya uzito ikae mbele yake kidogo. Kisha funga kila kitu barabara. Pipa likiviringika hadi nyuma ukiwa njiani, hesabu yote uliyoifanya inakuwa bure.

Jambo ambalo wageni husahau: kilo za shingo zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu yenyewe. Gari linaloruhusiwa kubeba kilo 800, likiwa na watu wanne na vifaa kwenye bodi, linaweza kuwa limebakiwa na nafasi ndogo kuliko shingo inavyodai, hata kama uwezo wake wa kuvuta haujafikiwa.

Kwenye kuunganisha, usiamini macho. Mpira mdogo kuliko kikombe cha trela kinachoufunika unaweza kuonekana umefunga vizuri, halafu ukachomoka kwenye tuta la kwanza. Soma vipimo vilivyochapwa kwenye vyote viwili. Ukishafunga komeo na kutia pini, inua shingo kwa jeki ya trela. Nyuma ya pikapu ikiinuka pamoja nayo, imeshika. Minyororo ya usalama ipishe kwa chini ili shingo ikichomoka iangukie juu yake, badala ya kuchimba lami. Iache iwe na ulegevu wa kukata kona tu, isiburuzike. Waya wa breki ya dharura, ule unaofunga breki za trela ikichomoka, kama trela inao, ufunge kwenye sehemu imara ya gari iliyo mbali na mpira na minyororo. Ukiufunga kwenye hivyo viwili, vikikatika umekosa kila kitu. Taa na indiketa, mtu mmoja akanyage, mwingine aangalie. Basi.

Barabarani, punguza mwendo kuliko ulivyozoea. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa zaidi ya nusu, na hapo una uzito mwingine unaokusukuma mgongoni. Acha nafasi kubwa mbele. Kwenye mteremko, ingiza gia ya chini kabla hujaanza kushuka, injini ikusaidie kuzuia. Ukikalia breki mfululizo zitapata moto na kulegea ukiwa bado katikati ya mlima.

Trela ikianza kuyumba, mguu utataka kukanyaga breki na mikono itataka kurudisha usukani. Vyote viwili huongeza tatizo. Toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una swichi ya breki za trela pekee, ibonyeze taratibu. Usiongeze mwendo eti uinyooshe. Ushauri huo utausikia sana, na ni wa hatari. Ikitulia, simama mahali salama upange mzigo upya, maana usipougusa itarudia.

Kurudi nyuma ni suala la mazoezi kwenye uwanja mtupu. Shika usukani kwa chini kabisa, palipo na namba 6 kwenye uso wa saa. Mkono unapoupeleka ndiko nyuma ya trela itakakokwenda. Fanya miondoko midogo. Trela fupi hugeuka haraka kuliko ndefu, jambo linalowashangaza wengi. Pembe ikibana, usipambane nayo. Songa mbele, nyoosha, anza tena. Na ukipoteza picha kwenye vioo, shuka ukaangalie, hata kama kuna watu wanakutazama.

Baada ya kilomita 80 hivi za mwanzo, simama ukaze nati za magurudumu, hasa kama yalifunguliwa karibuni. Sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa: kimoja kikitoa joto kali kuliko wenzake, beringi au breki yake ina shida, na safari inaishia hapo hadi fundi aione. Ukifika, weka kabari kwenye magurudumu ya trela kwanza, pande zote mbili, ndipo ufungue komeo.