Trela ya gemu mpya: mbunifu anaangalia nini kabla ya kutoa hela

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama mtu anaweza kuipima gemu ya konsoli kabla haijatoka akiwa na trela tu, yaani video fupi ya kuitangaza, maana bei ya gemu mpya ya PS5 inauma na ukishaweka oda ya mapema hela imeshaondoka. Wengi wamekujibu usubiri wachambuzi. Ushauri mzuri huo. Lakini umeuliza pia sisi tunaobuni gemu tunaangalia nini, na hilo naweza kulijibu kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ingawa nabuni za simu zaidi.

Huwa naanza kwa kuzima sauti. Muziki wa trela umetungwa ukusisimue, na mtu akishasisimka hakagui tena. Kisha natafuta jambo moja: mchezaji anafanya nini kwa vidole vyake, na dunia ya gemu inamjibu vipi? Jiji la usiku lenye mvua, mhusika mwenye sauti nzito, jengo linaloporomoka, hiyo ni kazi ya wachoraji na waandishi na nawaheshimu sana. Ila utakachocheza kwa saa 30 au 40 ni kile kitendo kidogo kinachojirudia: kuruka, kulenga, kukwepa, kujenga. Trela ikiisha sijakiona kitendo hicho, kwangu gemu hiyo bado haijaonyeshwa.

Mfano bora ninaoujua wa gemu kuonyeshwa inavyotakiwa ni wa Machi 2023. Eiji Aonuma, msimamizi wa mfululizo wa Zelda kule Nintendo, aliicheza gemu mpya ya mfululizo huo, Tears of the Kingdom, mwenyewe kwa kama dakika kumi huku akieleza. Jiwe lilianguka kutoka angani. Akalirudisha nyuma kwa wakati, likaanza kupanda lilikotoka, akapanda juu yake, likambeba hadi kwenye visiwa vinavyoelea. Akachukua tawi la mti akaliunganisha na jiwe, likawa silaha nzito. Jicho la kiumbe kama popo akaliunganisha na mshale, mshale ukawa unamfuata adui wenyewe. Uyoga akauweka kwenye ngao, adui alipoipiga ukatoa moshi, akapotelea humo na kutokea mgongoni kwake. Kisha akafunga magogo na feni, akapata chombo cha kuvukia maji.

Mtazamaji wa kawaida aliona vituko. Mbunifu aliona sheria chache zinazokutana. Kama kila kitu kinaweza kuunganishwa na silaha, basi kila takataka uliyokuwa unaipita njiani imepata kazi, na michanganyiko inaongezeka yenyewe bila mtu kuichora mmoja mmoja. Kuna zaidi. Gemu iliyotangulia, Breath of the Wild ya 2017, ililalamikiwa sana kwa sababu silaha zinavunjika haraka. Pale Aonuma alikuwa anajibu malalamiko hayo bila kuyataja: silaha bado zinavunjika, lakini sasa unatengeneza nyingine kwa chochote kilicho miguuni pako. Kero ya zamani imegeuzwa kuwa sababu ya kubuni. Nilipoona hivyo sikuhitaji kuona hadithi wala jiji lolote. Gemu ilitoka tarehe 12 Mei 2023, na yale aliyoyafanya mzee yule ndiyo yaliyokuwa moyo wake.

Linganisha na No Man's Sky, gemu ya kuzurura sayari kwa sayari. Trela ya Desemba 2013 ilionyesha mtu akiondoka kwenye sayari na kuingia angani moja kwa moja, bila skrini ya kusubiri. Hilo lilikuwa kweli, na kwa timu ndogo kama Hello Games walioitengeneza lilikuwa ajabu. Swali la mbunifu lilikuwa jingine: nikishatua kwenye sayari ya kumi nafanya nini ambacho sikukifanya kwenye ya kwanza? Video zilizofuata hazikulijibu vizuri, na ilipotoka Agosti 2016 malalamiko makubwa yakawa hayo hayo, kujirudia, pamoja na kukosekana kwa kucheza na wenzako. Waliendelea kuijenga bure kwa miaka, na sasisho la Julai 2018 likaleta kucheza pamoja kikamilifu. Nawasifu kwa hilo, ila aliyenunua siku ya kwanza alinunua kitu kingine.

Sasa ufundi kidogo. Ukiwa kwenye kompyuta, simamisha video ya YouTube kisha bonyeza kitufe cha nukta. Inasogea fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video. Tafuta mahali upanga au ngumi inapomgusa adui. Pigo zuri lina sehemu tatu: kujiandaa, kugusa, kurudi. Gemu nyingi za mapigano zilizopikwa vizuri husimamisha miili yote miwili kwa fremu chache pale pa kugusana. Jicho halishiki, ila mkono unahisi uzito. Kama silaha inapita ndani ya adui na namba tu zinaruka juu, huyo adui atakuchosha mapema. Kitu kimoja video haiwezi kukuambia ni muda kati ya kubonyeza kitufe na mhusika kuitikia. Kwenye fremu 30 kwa sekunde kila fremu inakaa milisekunde 33 hivi, kwenye 60 karibu 17, na gemu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa mkononi. Hapo dawa ni demo tu, kipande cha gemu unachopewa ujaribu mwenyewe.

Angalia pia anayeshika pedi anacheza vipi. Mimi nikiwa na kitu kipya huwa naenda sehemu moja ya kuchezea PS mtaani kwetu, nampa dogo mmoja ajaribu, nanyamaza. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kurukaruka bila sababu, kuzungusha kamera kama feni, kupiga ukuta, kujaribu kutoka nje ya ramani. Wanadamu hucheza hivyo. Kwenye video nyingi za maonyesho, mchezaji anatembea polepole, kamera inapinda taratibu kama ya sinema, maadui wanasubiri zamu, na hafi hata mara moja. Wakati mwingine unasikia hata "wachezaji" wakisemezana kwa maneno yaliyoandikwa. Ukiona hivyo, jua unaonyeshwa kipande kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya siku ile.

Kipande cha namna hiyo si lazima kiwe uongo. Studio huchukua sehemu ndogo, ikaikamilisha, ili timu yenyewe ione inakokwenda. Tatizo ni kwamba hakithibitishi kuwa sehemu nyingine zipo. Studio ya Bungie walionyesha gemu yao Halo 2 kwenye E3 ya 2003, maonyesho makubwa ya gemu, watu wakashangilia. Baadaye wenyewe walieleza kwamba injini ya picha (programu inayochora kinachoonekana) iliyoendesha onyesho lile ilibidi itupwe, na gemu ikatoka Novemba 2004 bila sehemu ile kama ilivyoonyeshwa. Trela maarufu ya Killzone ya 2005 nayo ilikuwa imechorwa kabla, haikuwa inachezwa kwenye PS3. Killzone 2 yenyewe ilifika 2009.

Kwa sisi wa huku, swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: video imerekodiwa kwenye mashine gani? Cyberpunk 2077 ilikuwa na onyesho la dakika 48 mwaka 2018, na wiki chache kabla ya kutoka tukaonyeshwa ilivyo kwenye PS4 Pro na PS5. PS4 ya kawaida, ambayo ndiyo iliyojaa majumbani, watengenezaji hawakuionyesha. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao. Ikarudi Juni 2021. Katikati hapo kulikuwa na masasisho ya makumi ya GB, na bando mnajua bei yake. Mashine yako isipoonyeshwa hadi mwezi wa kutoka, chukulia kwamba kuna sababu.

Kwa hiyo mkuu, hiyo oda usiiweke bado. Subiri ionekane video ndefu isiyokatwa, mtu akicheza, tena kwenye mashine uliyo nayo. Ukiipata ibandike hapa na utaje dakika inayokutia shaka, nami nitaipitia fremu kwa fremu nikuambie ninachokiona.